Ngoma ya matoleo ilipigwa mi-temps, wakati wa mapumziko: namna timu yetu ya Butembo ilivyofika Beni

Wakuu, salamu kwenu wote: wa Dar, wa Kigoma, wa Nairobi, na ndugu zangu wa huku Kivu ambao mnasoma kila kitu na hamuandiki neno (nawajua).

Nimekaa cyber hapa Butembo. Nimelipia saa mbili na mashine ya umeme ya mwenye cyber inakohoa, kwa hiyo mkiona makosa msinihukumu. Chumvi sitaongeza. Jambo lenyewe lilikuja na chumvi yake, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi kwamba ni mimi.

Ni habari ya club ndogo ya mpira. Msikimbie, hata kama mpira si wenu.

Kwanza hali ilivyokuwa.

Ilikuwa bado rebellion, wakati wa waasi. Nchi imekatwa vipande, kila kipande na wakubwa wake, na championnat, ligi ya kitaifa, kwetu ilibaki kuwa kitu cha kusikia kwa redio. Huku tulijipangia tournoi, mashindano yetu wenyewe, club za Butembo na za Beni. Sharti lilikuwa moja: unacheza kwako, halafu unasafiri kucheza kwa mwenzako. Asiyesafiri, ametoka.

Kutoka Butembo hadi Beni si mbali. Kilomita hamsini na kitu. Lakini wakati ule kilomita hamsini zilikuwa na barrières, yaani vizuizi vya wenye bunduki, matope, na bei ya mafuta ambayo ilibadilika ukiwa bado unauliza.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Goma na licence yangu ya gestion, yaani digrii ya uongozi wa biashara. Kazi hakuna. Papa Katembo, binamu ya mama yangu, muuza mbao, ndiye alikuwa président wa Radi Sport, ndiyo club yetu. Akanifanya secrétaire kwa sababu mbili: nina mwandiko mzuri, na nilikuwa nakula kwake mara nyingi mno bila kufanya lolote.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita kwa jina. Ni "Licencié" tu. Na walivyolitamka, mkuu, ungedhani ni ugonjwa.

Kiwanja chetu kiko upande wa kuelekea Rughenda, kule ndege zinakoshuka. Ndege ikipita, mchezo unasimama wenyewe, wachezaji wote wanaangalia juu, hata gardien, mlinda goli. Upande mmoja kuna mlango na banda dogo la kukatia tiketi. Upande wa pili kuna kilima. Kikumbukeni hicho kilima.

Ardhi ya kiwanja ni ya ukoo wa Papa Katembo. Siku ya kwanza ya kazi yangu alinikalisha kwenye lundo la mbao akaniambia maneno haya:

"Licencié, sikiliza muzuri. Batu hawaingiake tena. Nikiona tunashindwa kufika Beni, mi nafunga club. Pale ku terrain naweka dépôt ya mbao. Mbao haiombake maji ya kunywa mi-temps."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili ya kwanza nikasimama mlangoni na cahier, daftari langu. Waliolipa na kuingia walikuwa thelathini na mmoja. Nikarudia kuhesabu, nikijumlisha mke wa entraîneur, kocha wetu, ambaye hakulipa. Thelathini na wawili.

Halafu nikainua macho.

Wakuu, kilima kilikuwa cheusi kwa watu! Akina mama na mabeseni yao wakitoka shambani, vijana wameegemea velo, baiskeli zao, wazee wamekaa juu ya chukudu, lile pikipiki la mbao lisilo na injini ambalo huku kwetu linabeba kila kitu. Mamia. Wanaimba, wanamtukana arbitre, yaani refa, wanajua jina la kila mchezaji. Bure kabisa.

Sikulala vizuri wiki nzima. Mimi ni mtu wa kufikiri sana, na nikishafikiri sana naanza kufikiri kuhusu nilivyofikiri. Nikajiuliza, ni umaskini? Lakini yule kijana ana velo mpya. Ni uzito wa bei? Lakini nimeona mtu akila brochette, mshikaki, kule juu, na brochette ni ghali kuliko tiketi. Nikaamua: ni uchoyo tu. Wizi wa macho.

Nikaandika rapport ya kurasa kumi na tisa. Ilikuwa na michoro. Hitimisho lake lilikuwa moja: tuzibe kilima.

Mama yangu ana shamba dogo la mikaratusi. Nilimwomba miti ya kusimamisha ukuta, akakata ishirini na sita huku akilalamika kwamba alikuwa anaiwekea siku ya harusi yangu. Bâches, yale maturubai, tuliazima kwa wafanyabiashara wa marché, sokoni. Tukasimamisha ukuta upande wote wa kilima, juu kuliko mtu akimpanda mwenzake begani. Nilisimama nikautazama, moyo ukavimba. Nikajiona kama nimejenga barrage, bwawa la umeme.

Jumapili iliyofuata watu walikuja kilimani kama kawaida. Wakatazama ukuta. Wakatazamana.

Halafu wakaondoka.

Hawakushuka mlangoni hata mmoja. Hawakutukana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hawakutukana. Waliinua mabeseni, wakageuza velo, wakaenda zao.

Na ndani? Wale thelathini wakawa kumi na wawili. Mpira ulichezwa kimya, ungesikia kiatu kikigusa nyasi. Kapiteni wetu alifunga goli zuri sana, akakimbia kushangilia kuelekea kilima kama alivyozoea, akakuta bâche. Akarudi anatembea. Tulifungwa matatu kwa moja na timu ambayo hata soksi zao hazikulingana.

Papa Katembo aliniuliza kitu kimoja tu: "Kurasa kumi na tisa, sivyo?"

Sasa, mlangoni pale kulikuwa na mama anauza mandazi na chai. Mama Masika. Alikuwa pale kila Jumapili tangu kabla sijazaliwa, na katika kurasa zangu zote kumi na tisa sikuandika kwamba nimemuuliza kitu. Siku ile aliniita mwenyewe, kwa sababu mandazi yake yote yalibaki.

"Wee mutoto," akasema, "ulisoma mpaka ukasahau kukimbia?"

Sikuelewa.

"Nakuuliza. Hii lupango yako, hii kiwanja ya kufungwa, iko na milango ngapi?"

"Moja, mama."

"Moja. Na siku bale ba bunduki banakuya kufunga huu mulango, utatokea wapi? Utaruka bâche?"

Akanimiminia chai bila kuniuliza kama nataka.

"Wee ulikuwa Goma. Huku hukuonaka. Kulikuwa match moja, batu banajaa mpaka ku mustari. Mi-temps, banafunga mulango. Banachagua vijana, moja, moja, benda kubeba masanduku yao ku pori. Velo zote zenye zilikuwa ku mulango, zikaenda. Bengine bao walirudia kisha miezi. Tangu siku ile nani ataingia mu nyumba ya mulango moja kuangalia mupira?"

Akaonyesha kilima kwa kidole chenye unga.

"Kule juu mutu anaona njia ya Rughenda, anaona njia ya marché, anaona na mupira. Mambo ikiharibika, kila mutu na njia yake. Tunapenda hii club, Licencié. Lakini tunaipenda tukiwa tumesimama."

Wakuu, chai iliniunguza ulimi na sikusikia.

Nilikuwa nimewaita wezi watu ambao walikuwa wanaogopa. Na dawa niliyowaletea ilikuwa ukuta mwingine!

Kesho yake niling'oa zile bâches kwa mikono yangu. Miti niliiacha imelala kando ya kiwanja, sikuwa na uso wa kuirudisha kwa mama. Nikaenda kwa Papa Katembo nikamweleza. Alisikiliza akipiga rula kwenye mbao.

"Ile siku najua," akasema mwishowe. "Velo ya ndugu yangu ilienda pale. Nilifikiri batu walishasahau." Kisha akasema: "Inabaki match moja hapa nyumbani, na ba Beni. Kisha ile, kama hakuna njia ya kwenda kwao, naleta mbao. Nilishakata ya kwanza."

Kweli alikuwa amekata. Niliziona, zimepangwa nyuma ya nyumba, bado zinanuka utomvu.

Siku kumi zilizobaki kabla ya match nilifikiri mpaka nywele zikauma. Kurudisha watu kilimani kulikuwa rahisi, ukuta umeondoka. Lakini watu wa kilimani hawalipi, na ukipeleka mtu wa tiketi kule juu atawafuata wapi? Kilima hakina mlango. Uzuri wake ndio huo na ubaya wake ndio huo.

Sikupata jibu. Naomba mlielewe hilo. Nilichopata ni wazo dogo la aibu: walau pawe na kelele. Wachezaji wasicheze tena kwenye kimya kile.

Nikamwendea Kakule, mpiga ngoma wa chorale, kwaya ya parokia yetu, niliyesoma naye shule ya msingi. Nikamwomba alete ngoma kubwa.

"Ya kanisa?" akauliza.

"Ya kanisa."

"Padri anajua?"

"Atajua."

"Lakini mi najuaka ngoma za misa tu. Njo zile mikono yangu inajua."

"Piga yoyote," nikasema. "Ni mpira, nani atasikiliza?"

Siku ya match ikafika. Ba Beni walikuja juu ya Fuso la Papa Hamadi, transporteur, mwenye malori, Mwislamu wa Beni anayejulikana njia nzima mpaka Eringeti. Mtu mnene, kofia nyeupe safi hata baada ya vumbi lote lile, na mdomo usiopumzika. Alishuka akatazama kiwanja, akatazama banda letu la tiketi, akamwuliza Papa Katembo:

"Ndugu yangu, hii ni stade ao ni mahali ya kuanika muhogo?"

"Ni mahali ya kuanika ba Beni," Papa Katembo akamjibu. Wakakumbatiana.

Kilima kilikuwa kimejaa tena. Neno lilikuwa limeenda kwamba bâche zimetoka. Ilikuwa msimu wa kuvuna, akina mama wengi walitoka moja kwa moja shambani na mizigo yao, wakatua mabeseni ya maharagi, wakakaa. Kakule nilimweka kwenye mstari wa katikati, upande wa kilima. Alifungua kwa wimbo wa kuingia wa misa, wakacheka, wakapiga makofi.

Tukafungwa goli dakika za kwanza. Yule mshambuliaji wao, kijana mrefu wa Oicha, alikuwa anakimbia kama ameitwa nyumbani. Mi-temps ikafika tuko nyuma, jua kali, kilima kimenyamaza, watu wengine wameanza kutafuta mizigo yao waende.

Hapo ndipo nilipomkimbilia Kakule. "Piga kitu! Watu wasiondoke!"

Kakule akashtuka. Na mtu akishtuka, mikono inakwenda inakokujua.

Akapiga matoleo ya mavuno.

Kwa wale wa mbali niwaeleze kidogo. Kwetu, Jumapili ya mavuno, kila jumuiya ndogo ya mtaa, tunaiita shirika, inapeleka mazao altareni kwa kucheza. Hakuna anayetembea kawaida. Hatua mbili mbele, moja pembeni, beseni kichwani, na ngoma hiyo hiyo tangu bibi zetu. Mtoto anaijua kabla ya kujua Baba Yetu. Ukiisikia ukiwa umekaa, majirani zako wanakuangalia.

Mama mmoja kilimani akasimama. Nilidhani anaondoka. Akainua beseni lake la maharagi, akaliweka kichwani.

Akaanza kushuka. Hatua mbili mbele, moja pembeni.

Nyuma yake kigelegele. Mwingine akasimama. Kisha watatu, kisha safu nzima ya shirika lake, kwa sababu mmoja hatoi peke yake wengine wakitazama. Kilima kikaanza kutembea, wakuu! Naapa kwa macho yangu. Kilima kizima kinashuka kwa hatua mbili mbele, moja pembeni, na mabeseni yanang'aa juani!

Mimi nilifanya nini? Niliinua mikono nikapiga kelele: "Hapana! Hapana! Si misa! Ni mi-temps!"

Hakuna aliyenisikia. Yule mama wa kwanza akafika mbele ya ngoma, kwa sababu ngoma ilipo ndipo altare ilipo, akapiga goti kidogo, akamimina maharagi juu ya koti langu nililokuwa nimelitandaza pale chini ili nikalie. Akageuka. Akapanda kilima chake akicheza, na beseni tupu.

Viazi. Ndizi mkungu mzima. Sombe, majani ya muhogo. Mahindi. Kuku mmoja, wawili. Mzee wa chukudu akaleta yai ndani ya kofia. Wanaume ambao hawakutoka shambani wakaona aibu, wakaanza kupapasa mifuko, noti zile kuukuu zilizokunjwa mpaka zimekuwa kama kitambaa.

Wachezaji wetu waliacha machungwa mdomoni. Ba Beni wamesimama wameduwaa. Arbitre alikuja na saa yake kunionyesha muda umepita. Nikamkimbilia Kakule nimwambie anyamaze, akanitolea macho bila kuacha kupiga:

"Nitasimama ginsi gani? Bengine bado banakuya! Ngoma ya matoleo haikatwake katikati!"

Na kutoka nyuma sauti ya Mama Masika: "Kakule! Ukisimama tu, tunabeba vitu vyetu!"

Mi-temps ile ilichukua karibu dakika arobaini. Arbitre aliishia kucheza na filimbi mdomoni.

Mlangoni hakuna mtu aliyepita. Hata mmoja. Walishuka, wakatoa, wakapanda wakasimama pale pale wanapoona njia zote.

Kipindi cha pili sitakieleza kwa adabu. Watu waliokwisha kutoa maharagi yao hawatazami mpira kama zamani. Ule ulikuwa mpira wao! Kapiteni alifunga kwa kichwa dakika za mwisho, ikawa moja kwa moja, akakimbia kuelekea kilimani, na safari hii kilima kilimpokea. Nilipoteza kiatu. Sijakipata mpaka leo.

Baada ya match tukasimama kando ya lile lundo. Nikaanza kuwaza mabaya, ni kazi yangu. Tumefanya dhambi? Tumekufuru? Na hata kama si dhambi, gari halitembei kwa viazi. Papa Hamadi akaja akalizunguka lundo mara mbili. Kuku mmoja akamlilia.

"Sasa hii njo sanduku ya club?" akauliza. "Inasemaka kokoriko?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Papa Katembo hakucheka, alikuwa anapima maharagi kwa kiganja, yale macho ya mfanyabiashara yamerudi.

"Hadji," akasema polepole, "maharagi iko bei gani kule Oicha?"

Papa Hamadi akaacha kucheka. "Oicha? Kule kila mutu anapanda cacao. Cacao haipikwake. Maharagi bananunua hata yenye mawe ndani."

Wakatazamana. Mimi na licence yangu nikabaki nawatazama kama mtu anayeangalia ping-pong.

"Fuso langu linarudiaka tupu kila Jeudi," Papa Hamadi akasema, yaani Alhamisi. "Pakia hii vitu, mi nauzisha kule, ndani yake natosha franka ya mafuta yangu. Juu yake, panda na timu yako. Lakini kuku, hapana. Kuku tutakula kwangu siku ya match. Na nitachinja mi mwenyewe, halali."

"Na tukikufunga kwako?"

"Basi mutakula mifupa."

Hivyo ndivyo gari lilivyopatikana. Hakuna ukurasa hata mmoja wa rapport yangu uliolitabiri.

Kesho yake padri aliniita. Nilikwenda na hotuba ya kuomba msamaha, nimeiandika na kuikariri. Alikuwa anapogoa maua ya uani, hakugeuka.

"Mi nasikia ulisoma misa ku terrain."

"Hapana, mon abbé, ni Kakule, yaani ni mimi, lakini nia yetu haikuwa..."

"Walitoa mingi?"

"Mingi, mon abbé."

"Kuliko kwangu?"

Akageuka na mkasi wake. Alikuwa anajizuia kucheka, niliyaona mashavu.

"Watu walijua ni mpira," akasema. "Si watoto. Lakini mavuno yangu yakipungua mwaka huu, tutaonana wewe na mimi." Halafu Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, akatangaza siku ya match ya Beni. Kanisani! Nilitaka kuzama chini ya benchi.

Safari ilikuwa juu ya magunia ya maharagi, na Kakule na ngoma yake katikati. Nilikuwa nimeandaa barua tatu tofauti za kuonyesha barrières, kila moja na mhuri wa club. Kwenye barrière ya mwisho kabla ya Beni askari mmoja alitusimamisha, bunduki begani, macho mekundu. Hakutaka barua.

"Bozali banani?" akauliza kwa Lingala. Ninyi ni nani.

Kakule, bila kufikiri (Mungu ambariki mtu asiyefikiri), akasema: "Ndembo, chef." Mpira.

"Ndembo?" Uso wa yule mtu ukabadilika. Akaomba apewe mpira tuliokuwa tumebeba. Akaupiga juu kwa goti, kwa kichwa, kwa kisigino, na zile buti zake nzito, mpaka wenzake wakaanza kuhesabu kwa sauti. Alipouangusha akatutazama kama ametoka usingizini. Akachukua mkungu mmoja wa ndizi, hiyo haikwepeki, akainua mti wa barrière.

"Mukirudi, munaniambia score," akasema.

Beni walitufunga mawili kwa moja. Nasema kweli kama nilivyoahidi. Yule kijana wa Oicha tena. Tukatoka kwenye tournoi. Kwa Papa Hamadi hatukula mifupa, tulikula kuku na wali mpaka kapiteni akafungua mkanda, na mwenyewe akizunguka na sinia akisema, "Kuleni, kuleni, mutu mwenye anafungwa anasikiaka njaa zaidi." Na kwenye barrière yule askari alipouliza score, tukamwambia, akapiga ulimi kwa huzuni kama ndugu.

Sasa sehemu ya mwisho, na mashine ya cyber imeanza kuzima-zima.

Tulipofika Butembo nilipita kiwanjani. Nikakuta mbao.

Mbao nyingi, zimeshushwa kando ya mstari, zile zile zenye harufu ya utomvu. Wafanyakazi wa Papa Katembo wanazibeba. Tulikwenda Beni, nikawaza, tulifika, na bado? Nikaanza kutunga hotuba kichwani, ya hasira safari hii.

Kisha nikaona wanazipeleka wapi.

Hawakuwa wanaziweka kiwanjani. Walikuwa wanapanda nazo kilimani.

Papa Katembo alikuwa kule juu mwenyewe, amevua koti, anagongelea misumari. Miguu ya yale mabenchi ilikuwa miti ya mama yangu, mikaratusi ishirini na sita ya ukuta wangu, imekatwa vipande. Safu tatu zilikuwa tayari. Hakuna uzio, hakuna mlango, kila benchi limeachiwa nafasi pande zote mbili za mtu kutoka mbio.

Alinitazama nikihema.

"Usisimame pale sawa na rapport yako," akasema. "Leta misumari."

Nikaleta misumari.

Leo club ipo. Kila mi-temps ya msimu wa mavuno Kakule anapiga, misimu mingine inapita kofia, na kuna Jumapili hali ni ngumu na kofia inarudi nyepesi. Hatujatajirika. Banda la tiketi Mama Masika analiwekea mandazi yake mvua ikinyesha. Mama yangu amekuja mara moja, akakaa kwenye benchi, akagonga mti wake kwa kidole na kusema kwamba basi harusi yangu itafanyika hapo hapo.

Nilichojifunza, nawaandikia haraka: niliwahesabu watu, nikawafikiria wiki nzima, na sikumuuliza hata mmoja anaogopa nini. Mtu akikaa mbali na kitu chako, usianze na ukuta. Kaa naye hapo alipo, unywe naye chai, hata ikikuunguza.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Kwenu watu wanatazama mpira kutoka wapi, na kwa nini hawaingii? Na kama kuna mtu wa Beni humu: lile goli la pili lilikuwa offside, hilo sitabadilisha.